Taa ya Kinanda cha Mwalimu

Haya yalimpata rafiki yangu Anwar, fundi redio wa hapa Moshi, mtu asiyetishika ovyo. Mchana mmoja wa masika, Mama Veronika alishuka kutoka mlimani na kinanda cha umeme cha zamani, cha marehemu mumewe, mwalimu wa kwaya. Kilipiga vizuri, ila taa ya kioo chake cha maandishi ilikuwa imekufa miaka mingi.

"Mwalimu alikuwa anainama mpaka pua iguse kioo ndipo asome," alisema. "Jumapili kwaya inakuja kumwimbia nyumbani. Nataka kioo kiwake, jamani. Aliteseka nacho."

Anwar akakiingiza chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, akabadilisha taa, akakaza skrubu. Kioo kikawaka buluu. Hata hajatabasamu, umeme ukakatika.

Giza totoro. Mvua ikinguruma juu ya bati. Ndipo akasikia vidole vikipita juu ya kinanda, ta, ta, ta, plastiki tupu isiyo na muziki, taratibu, kama mtu anayejikumbusha wimbo.

"Mama, usikiguse kwanza. Sijamaliza."

"Nikiguseje, baba?" Sauti ya Mama Veronika ilitoka mbali, mbele ya duka. "Mimi si niko huku mlangoni?"

Vidole vikanyamaza.

Umeme uliporudi, chumbani hamkuwa na mtu. Kioo kiliwaka, lakini katikati kilikuwa na ukungu, kama kimehemewa kwa karibu sana. Anwar akaufuta kwa kiganja. Ukarudi. Ukafifia, ukarudi tena, polepole, kwa mwendo wa mtu anayepumua huku akisoma.