Glovu ya Mini

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, pipa la maji uani lilikuwa limejaa mvua na kufurika. Mererid aliliona kupitia dirisha la jikoni huku akimpakia bibi yake siagi kwenye mkate. Bibi Gwenllian alipapasa meza mara mbili kabla ya kuupata mkate huo. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili.

"Leo wanatengeneza jicho la kwanza," Bibi alisema. "Nikirudi nitajua kama huwa unanawa uso kweli."

Mererid alicheka kidogo, kisha akatazama mvua tena. Hakuweza kutulia kitini.

Muuguzi wa hospitali alikuwa amesema wazi kwenye simu: mgonjwa asipofika kabla ya saa tatu, nafasi yake anapewa mwingine, naye anarudi mwisho wa foleni. Bibi alikuwa ameingoja nafasi hiyo zaidi ya mwaka mzima. Treni hazikwenda, kwa kuwa mto ulikuwa umefunika reli. Lililobaki ni gari la Babu Emrys, Mini lililotoka kiwandani kabla mama yake Mererid hajazaliwa.

Mini za umri huo zina udhaifu ambao kila mwenye nayo anaujua. Distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi nne za injini, imewekwa mbele kabisa, nyuma tu ya wavu wa uso wa gari. Maji ya barabarani huifikia kwa urahisi. Ikilowa, cheche hazifiki kwenye plagi na injini inazimika. Kwa hiyo watu wa milima ya Wales, kama Babu, huivisha glovu ya mpira ya kuoshea vyombo. Waya nne za plagi na mmoja unaoleta umeme kutoka kwenye koili ni tano, sawa na vidole vya glovu. Kila kidole hukatwa ncha, na waya wake ukapita humo.

Glovu ya Babu haikuwa mahali pake, na Mererid peke yake ndiye aliyejua.

Siku iliyotangulia, kwenye maonyesho ya magari ya zamani, maboneti yote yalikuwa wazi. Binamu yake Gethin alikuwa amechungulia ndani na kuangua kicheko. "Lo! Gari lenu limeajiriwa jikoni? Linaosha sahani saa ngapi?" Watoto wengine wakacheka. Gethin alipoondoka, Mererid aliichomoa glovu, akaitupa kwenye pipa la taka, akazirudisha waya mahali pake. Jioni Babu aliuliza, "Umemaliza kufuta injini? Glovu umeirudisha?" Mererid akajibu, "Ndiyo, Babu."

Asubuhi hiyo gari liliwaka mara moja. Mererid, aliyekaa nyuma, alishusha pumzi. Labda lingefika tu.

Walipanda mlima bila shida. Upande wa pili walijikuta nyuma ya lori lililorusha maji kama bomba lililopasuka. Injini ilikohoa, ikashtuka, ikakohoa tena. Babu aliliegesha gari pembeni, nalo likazimika.

"Maji hayo, Emrys," Bibi alisema.

"Haiwezekani. Mtoto ameirudisha glovu. Kama umeme ni mkavu, basi ni petroli." Alichukua spana. "Pampu iko nyuma, chini. Huenda imekwama; nitaigonga kidogo."

"Wewe na mgongo wako huo? Ukikwama huko chini, nani atakuvuta? Mimi sikuoni hata ukiwa umesimama!"

Babu alikuwa ameshatoka. Mererid alimwona kupitia kioo cha nyuma akipiga magoti, kisha akilala ubavu kwenye lami iliyolowa. Spana ikagonga. Babu akarudi, akajaribu kuwasha, wapi. Akatoka tena. Alikuwa na miaka sabini na minne, na koti lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Mererid alifungua mlango, akatoka mvuani.

"Babu, acha. Si pampu. Glovu haipo. Niliitupa jana. Nilikudanganya."

Babu alimtazama kutoka chini. "Nipe mkono niinuke," alisema.

Alifungua boneti. Bibi akashuka na mwavuli.

"Bibi, unamkinga kondoo wa ng'ambo ya barabara," Mererid alisema. "Huku."

"Basi nisogeze, mdomo unao!"

Babu alichomoa kifuniko cha distributa, akakifuta ndani kwa leso kavu hadi pembeni. Mererid alifuta waya mmoja baada ya mwingine. Bibi alitoa mkate wa zabibu kwenye mfuko wake wa plastiki, akamkabidhi Babu mfuko. Babu aliugeuza mdomo chini, akautoboa matundu matano upande wa juu, wakapitisha waya mmoja mmoja ili zisibadilishane nafasi, kisha wakakirudisha kifuniko, wakakifunika kwa mfuko huo.

"Niufunge chini?" Mererid aliuliza.

"Hapana. Ukifunga, unyevu unabaki ndani. Acha wazi."

Injini ilikohoa mara moja, kisha ikashika. Babu aliisikiliza kidogo kabla ya kusema.

"Kuitupa glovu ni kosa dogo. Mfuko wa mkate umelirekebisha. Lakini mimi natafuta ubovu kwa kuondoa kwanza yale ninayoyajua. Uliniambia umeme uko salama, nikauondoa kwenye hesabu, nikaenda kulala barabarani mahali pasipo na tatizo. Uongo haukumficha mkosaji tu, Mererid. Ulinipoteza mimi niliyekuamini, na kidogo umpotezee bibi yako nafasi ya kutibiwa jicho. Siku nyingine sema mapema, hata kama ni aibu."

"Nisamehe, Babu. Nawe Bibi."

"Nimekusikia," Bibi alisema. "Sasa ingia ndani, unalowa."

Saa tatu kasoro dakika sita, hospitalini, muuguzi alifungua mlango wa chumba cha kusubiri, akaita, "Gwenllian Parry." Bibi alisimama, akamshika Mererid mkono, wakaingia.