Mashine ya Kuning'inia na Mgongo wa Goretti

Kila asubuhi Goretti alivaa soksi akiwa amelala chali kitandani, kwa sababu hakuweza kuinama. Mgongo ulikuwa unamuuma mwaka wa tatu sasa. Daktari alimpima, akasema hakuna mfupa uliovunjika, ila misuli imedhoofika. Alimpa karatasi yenye picha za mazoezi na namba ya simu ya wataalamu wa viungo. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, nao hawakukisoma vizuri. Athanase, mumewe, aliitia kwenye droo.

Binti yao Merveille alikuwa amebakiza wiki nane ajifungue mtoto wa kwanza. Kwao Bukavu, Kongo, bibi ndiye anayemwogesha mjukuu siku za mwanzo na kumbeba mgongoni ili mzazi apumzike. Goretti aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Aliogopa pia kwamba mtoto angemponyoka mikononi.

Ndipo Athanase akaleta mashine. Ndugu Djo wa kanisani alikuwa amemwambia kwamba mgongo unaouma lazima uvutwe. Unafungwa miguu, mashine inageuka, unaning'inia kichwa chini. Ilijaza sebule yao ndogo ya Lozells, mtaa wa Birmingham, Uingereza, hata watu wakawa wanapita ubavu kwenda jikoni.

Siku ya kwanza Goretti alining'inia dakika tano. Masikio yalivuma. Aliposhushwa, kizunguzungu kilimkalisha sakafuni, na mgongo ukauma hadi siku ya pili. Athanase akasema dawa ya kweli ni chungu.

Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Alisema mke wake alikuwa hawezi kuinama, na sasa amepona. Watu wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo, kila mama aliyekutana na Goretti kituo cha basi alimpongeza, naye akajinyoosha na kutabasamu huku mgongo ukiwaka moto. Siku moja alirudi nyumbani na hasira.

"Umetoa ushuhuda wa mgongo wangu," alimwambia mumewe. "Uliuuliza?"

"Ni imani, Mama Merveille. Unatangaza kwanza, uponyaji unafuata."

"Basi kaning'inie wewe, imani ikuteremkie kichwani."

Jirani yao Narinder aliwakuta katika ugomvi huo. Alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu, na kabla ya kustaafu alifanya kazi miaka mingi na wataalamu wa viungo hospitalini. Alikuwa amewaletea chapati. Alipoelezwa ile mashine ni ya nini, aliweka sahani chini.

"Baba Merveille, mkeo anameza dawa za presha, sivyo?"

"Ndiyo, dada."

"Na wewe unamgeuza kama popo. Nani alikuruhusu?"

Athanase alimtaja Ndugu Djo.

"Djo anaendesha basi. Mimi simfundishi asimame kituo gani."

Akawaeleza kwamba mtu mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa macho asining'inie hivyo bila daktari kukubali. Akasema hakuna mashine moja inayofaa kila mgongo. Kifaa kizuri ni kile unachokimudu, kisichoyumba, unachoweza kuanza nacho kwa nguvu kidogo na kuongeza polepole. Kwa wengi, mkeka, mkanda wa mpira wa kuvuta na kiti imara vinatosha kuanzia, pamoja na kutembea kila siku.

Athanase alicheka. Alisema kimkanda kama hicho ni cha watoto kuchezea.

"Misuli haijui ukubwa wa mashine," Narinder alisema. "Inajua tu kama ulifanya jana na leo."

Goretti aliuliza afanye nini akisikia maumivu. Narinder alisema uchovu kidogo wa misuli ni kawaida. Maumivu yakizidi na kuendelea hadi kesho yake, apunguze. Lakini miguu ikikosa nguvu ghafla, sehemu za siri zikifa ganzi, au akishindwa kuzuia haja, aende hospitali mara moja, asingoje.

Kesho yake Goretti aliitoa karatasi kwenye droo, na Merveille akapiga simu. Mtaalamu wa viungo alimchagulia Goretti mazoezi manne. Wiki mbili za kwanza hakuona tofauti, akalia kwa uchungu, akaendelea. Wiki ya tano alisonga ugali bila kushika meza.

Wiki hiyo Mama Sylvie wa kwaya, mwenye ugonjwa wa moyo, alimuuliza mashine ile inapatikana wapi. Goretti alimtaka Athanase akanushe maneno yake kanisani. Athanase akasema ni aibu. Jumapili Goretti alisimama mwenyewe.

"Sikupona kwa mashine," alisema. "Iliniumiza, na mimi nikanyamaza. Mwenye maumivu amuulize daktari, asimuulize mume wangu."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama Sylvie hakuinunua mashine. Athanase aliifungua mashine vipande vipande, akaitoa nje.

Mtoto alipozaliwa, Goretti aliweka beseni juu ya meza ili asiiname, akamwogesha. Mgongo uliuma kidogo, lakini mikono haikutetemeka. Athanase alisimama karibu. Aliuliza kwa sauti ndogo kama sasa anaweza kutoa ushuhuda.

"Ushuhuda huu nitautoa mwenyewe," Goretti alisema. "Wewe shika taulo."