Kiti cha Dereva

Sauti ilitangulia. Ngurumo nzito yenye mapigo, vuu-vuu-vuu, ilikuja kutoka upande wa lango, mahali magari yalipopanga foleni kuingia kwenye maegesho ya makanisa ya Mesaimeer. Ilikuwa Ijumaa, siku ya ibada hata kwa Wakristo katika nchi ile ya Kiarabu, na watu walikuwa wengi: familia zenye watoto waliopakwa mafuta hadi viwiko, akina dada wa Kenya katika magauni ya kitenge, walinzi wa Uganda waliotoka kazini na sare zao wakiwa wamezikunja kwenye mifuko. Hakuna aliyegeuka. Dominiko peke yake alisimama katikati ya njia, kichwa upande mmoja.

"Tairi la mbele, kushoto," alimwambia Paul, mwenzake wa gerejini. "Limelika kwa ndani."

Paul alimkumbusha kwamba wamekuja kuomba, si kutafuta wateja.

Gari likatokea. Lilikuwa gari kubwa jeupe, la kupandia matuta ya mchanga, lakini lilikuwa limeshushwa hata kiganja hakingepita kati ya tairi na bodi. Nyuma ya usukani alikuwamo msichana mwenye gauni la rangi ya haradali, rasta zimefungwa juu, miwani ya jua, raba nyeupe pe. Alipoegesha tu, Dominiko alikuwa mlangoni.

"Dada, samahani. Tairi zako zinalia."

Msichana alivua miwani. "Na wewe umekuja kuzibembeleza?"

"Nimekuja kukuambia."

"Nimetupiwa mistari mingi ya kutongoza katika maegesho haya, ndugu yangu. Huu ni mpya, nakupa heko."

"Basi usiniamini mimi. Pitisha mkono upande wa ndani wa tairi. Taratibu, usijikate."

Aliinama na gauni lake zuri, kwa sababu hakuwa mtu wa kukataa jambo kabla ya kulipima. Vidole vyake vikagusa nyaya zilizotokeza kwenye mpira. Alipoinuka, uso ulikuwa umebadilika. Alieleza kwamba gereji iliyomfungia springi fupi haikuzinyoosha tairi baadaye. Walimwambia gari jipya halihitaji. Dominiko alicheka bila furaha. Ukishusha gari, alisema, miguu inalala, na mpira unakanyaga kwa ukingo wa ndani. Nje unaona tairi zima huku ndani linaisha.

"Lakini gari la jangwani, dada, unalilaza chini kwa nini?"

"Kwa sababu linapendeza. Wewe hilo shati umelipiga pasi kwa nini?"

Dominiko alilitazama shati lake, akacheka, akamwelekeza gereji anakofanya kazi. Msichana aliitwa Terry. Alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi moja mjini, aliishi mtaa wa Al Thumama, na kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni mwa gereji, Industrial Area, suruali nyeusi na kitambaa cha manjano shingoni, akiruka madimbwi ya mafuta kama mtu anayecheza.

Dominiko ndiye aliyekuwa fundi wa alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, pale, na hakuficha kwamba alijiona bora kuliko mafundi wote wa mtaa ule. Alibadilisha tairi mbili, akafunga boliti za kurudisha mlalo wa magurudumu, akapandisha gari kwenye mashine na kubana vioo vya kupimia kwenye kila gurudumu. Kisha akafungua mlango wa dereva.

"Kaa ndani."

"Mimi? Nikafanye nini?"

"Uwe na uzito. Gari lililoshushwa hunyooshwa dereva akiwa ndani, la sivyo ukipanda tu vipimo vinahama. Una kilo ngapi?"

"Iulize mashine yako. Lazima nikae?"

"Lazima."

Habari ya uzito ilikuwa kweli tupu. Habari ya lazima haikuwa kweli. Nyuma ya kompresa kulikuwa na mifuko miwili ya mchanga, ambayo Dominiko aliifunga mkanda kwenye kiti cha dereva kila aliponyoosha gari la namna ile. Aliiangalia mifuko, akamwangalia Terry, akaiacha ilipo.

Terry alikaa. Joto lilikuwa la kuchemsha, kiyoyozi hakingewashwa kwa kuwa injini ilizimwa, na feni ya gereji ilitupa upepo kama wa jiko. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na Dominiko alikuwa chini yake na spana, na kwenye skrini mbele yao namba zilikuwa nyekundu. Kila alipozungusha boliti, Terry alimsomea. Bado. Bado. Rudi kidogo, umepita. Katikati ya namba walisimuliana: Terry alikulia Embu, Dominiko Kitui, Terry alipenda magari tangu utotoni na kila mtu alimwambia hiyo si kazi ya msichana, Dominiko hakupenda kuamrishwa na mtu yeyote isipokuwa mama yake. Namba ya mwisho ilipogeuka kijani, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Jioni simu ya Dominiko ikalia.

"Fundi, gari linakwenda lenyewe. Nimeachia usukani njia nzima ya uwanja wa ndege."

"Usiachie tena."

"Unaogopea gari?"

"Gari nitalinyoosha. Wewe sina mashine yako."

Terry akamwambia aache utani. Alikuwa anatabasamu, na Dominiko alilisikia tabasamu lile kupitia simu.

Mapenzi yao yalikwenda kama gari lile, kwa kasi na bila kuyumba. Ijumaa walikaa benchi moja kanisani. Siku za kazi walipigiana simu hata bila jambo la kusema. Terry alimwita Kitui, naye akamwita Bosi. Siku moja Terry alimsimulia habari za Rodney, aliyewahi kumchumbia. Rodney alianza na uongo mdogo wa kuchekesha, kwamba gari lake limeharibika, na akamaliza na mke aliyekuwa nyumbani muda wote. Tangu hapo, Terry alisema, jambo kubwa naweza kusamehe, lakini mtu akinidanganya katika dogo, najua ameshazoea. Dominiko alisikia, akaiona mifuko akilini, akasema pole. Wakakubaliana kwamba Desemba Dominiko atakwenda Embu na wazee wake kumposa Terry kwa mama yake.

Siku chache baadaye Terry alimpelekea gerejini, bila kumwarifu, chakula cha ndengu zake ambazo Dominiko alikuwa akisema anazipenda. Alikuta gari jingine lililoshushwa juu ya mashine, na kwenye kiti cha dereva mifuko miwili ya mchanga imefungwa mkanda vizuri, kama abiria wanaokwenda harusini. Alimuuliza Paul hiyo ni nini.

"Hawa ndio madereva wetu," Paul alisema akicheka. "Hawaombi maji, hawasumbui."

"Tangu lini mnawatumia?"

"Kabla mimi sijaja."

Terry aliweka chakula juu ya boneti na kuondoka. Simu ilikuja Dominiko akiwa bado anafungua kifuniko cha ndengu.

"Nilikaa ndani ya gari lile asubuhi nzima," Terry alisema polepole. "Katika joto lile. Ukaniambia ni lazima."

"Uzito ulikuwa wa kweli. Gari limenyooka au halikunyooka?"

"Sikukuuliza habari ya gari."

"Basi una haki ya kwenda kwa fundi mwingine."

"Nitakwenda. Na Desemba usije."

Dominiko hakupiga. Aliapa kwamba hatapiga. Alifanya kazi kwa ukali, akawanyooshea watu magari yao hadi mudiri wa gereji akamwomba apunguze kuwafokea wateja. Ijumaa alihama benchi. Paul alimwambia kwamba anajifanya amekosewa ilhali yeye ndiye mkosaji, na kwa siku kadhaa hawakusalimiana.

Kilichomvunja kilikuwa kitu kidogo. Mteja mmoja alimwuliza kama ni lazima aache gari hadi kesho, na Dominiko, aliyetaka tu kupumzika, akafungua mdomo kusema lazima. Neno likamkwama. Alisikia jinsi lilivyokuwa jepesi, jinsi lilivyozoea njia ya ulimi wake. Akamwambia mteja hapana, subiri kidogo, nitalimaliza leo. Alipolimaliza alikwenda kuoga, akatoka kumtafuta Terry.

Terry alikuwa Al Thumama, mbele ya duka la chai, ndani ya gari na Edith aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Walikuwa wamepiga honi kumwita mhudumu, wakisubiri vikombe vyao vya karak, chai ya maziwa na iliki. Aliyekuja dirishani hakuwa mhudumu bali Dominiko, na alikuwa na shati lisilopigwa pasi.

"Mifuko ilikuwepo," alisema. "Niliiona. Nilikuambia ukae kwa sababu nilitaka ukae."

Terry alitazama mbele. "Kama nisingekuja siku ile nikaiona, ungeniambia?"

Edith alimkodolea macho Dominiko, akimwombea aseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa rahisi, na ilikuwa tamu.

"Hapana," Dominiko alisema. "Nisingekuambia milele. Ningezeeka nikijisifu kwa ujanja wangu."

Mhudumu alileta chai, hakuna aliyeipokea. Terry aligeuka, akamtazama kwa muda mrefu, jinsi alivyotazama namba za skrini siku ile.

"Kuna kingine?"

"Ndengu zako. Nilisema nazipenda. Chumvi ni nyingi mno, Bosi, nakunywa maji hadi asubuhi."

Edith alicheka hadi akashika dashibodi. Terry alijizuia, akashindwa, kisha machozi yakachanganyika na kicheko. Alisema Rodney angejibu ndiyo. Angejibu ndiyo kabla swali halijaisha.

Akachukua simu, akampigia mama yake Embu, akaongea Kiembu maneno machache na kumpitishia Dominiko simu dirishani.

"Usiniahidi mimi," alisema. "Mimi nimeshanyooka. Mwambie yeye, nilimwambia huji."

Sauti ya mama ilikuwa kavu. "Ndiwe uliyemweka mtoto wangu kwenye joto?"

"Ndimi, Mama."

"Na Desemba?"

Dominiko alisimama wima kando ya barabara, mkono mmoja juu ya mlango, na Terry akauwekea wake.

"Desemba nakuja, Mama, na baba na mjomba wangu. Na lolote utakaloniuliza mbele ya wazee, nitakujibu lilivyo, hata likiniaibisha."