Uzi Mwekundu Ndani ya Mtutu

Bastola namba saba haikuwemo ndani ya kasha la chuma.

Zilitakiwa ziwe nane. Ijumaa hiyo asubuhi, Annelize Fourie, katibu wa klabu ya wanawake ya kulenga shabaha nje kidogo ya Mokopane, alifungua kasha akakuta saba. Silaha ikipotea, klabu inafungwa, na wanawake thelathini wanarudi nyumbani kukaa na woga wao. Basi kila mtu alianza kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Kapteni Mmaphuti Lekalakala, mpelelezi, aliinama kukagua kitasa. Hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Juu yake, ukutani, palikuwa na maandishi makubwa: NYUMA YA SHABAHA KUNA NINI?

"Hilo ni swali la nani?"

"Langu," alisema Ntebaleng Mohlala, mkufunzi, mama wa miaka sitini na ushee ambaye hata mbele ya polisi hakuacha kufuma sweta lake jekundu. "Hakuna anayepiga risasi hapa kabla hajanijibu. Risasi ikikosa shabaha inaendelea na safari. Hapa jibu ni moja tu: tuta la udongo."

"Kasha limefunguliwa kwa ufunguo. Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Wangu na wa katibu."

Annelize aliruka. "Sasa mbona mnaniangalia mimi?"

"Kwa sababu kila mwaka wewe ni wa pili," alidakia Kedibone Seshoka. Huyu ndiye aliyekuwa mpigaji bora wa klabu, na jioni hiyo alikuwa akabidhiwe namba saba aende nayo Pretoria kwa mashindano ya kesho yake. "Bila ile bastola, kombe ni lako."

"Kombe nitakunyang'anya hata ukija na mzinga, dada!"

"Thubutu!"

"Nyamazeni!" Kapteni alimvuta Annelize pembeni. "Jana uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Alibaki nani?"

"Mama yetu, Mma Mohlala. Kila jioni hubaki kusafisha silaha. Huyo ukimwachia bastola chafu, hapati usingizi."

"Unamchukia Kedibone?"

"Sana, tukiwa kwenye mstari wa kulenga. Tukitoka hapo tunachoma nyama pamoja. Kapteni, kombe la wizi nitalionyesha nani?"

Kapteni aliyaandika maneno hayo. Miaka ishirini ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mwizi naye hujua kuongea vizuri.

Saa tano, sajenti alitoka jikoni mikono imejaa unga wa mahindi. Alikuwa amechomoa furushi kutoka chini kabisa ndani ya pipa la unga.

Kapteni alivaa glavu, akafungua. Namba saba! Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa chenye mafuta, kisha kwa mfuko wa plastiki, chembe ya unga isiingie. Risasi zote zimetolewa. Ndani ya mtutu umepitishwa uzi, umetokeza huku na huku, kuonyesha kwamba silaha ni tupu.

"Makubwa!" alisema sajenti. "Mwizi gani anakitunza alichoiba namna hii?"

Kapteni alizitazama zile bastola saba. Kila moja ilikuwa na ukanda wa plastiki wa njano mtutuni, alama ya klabu kwamba silaha ni tupu. Ukanda wa namba saba ulikuwa bado umelala juu ya meza ya kusafishia. Uzi alioshika yeye ulikuwa wa sufu, tena mwekundu.

"Mma Mohlala," alisema taratibu, "naomba kuliona hilo sweta."

Sindano zilisimama. Yule mama aliutazama uzi, akatikisa kichwa.

"Mkono huu jamani! Miaka thelathini sijawahi kuweka silaha chini bila kuonyesha ni tupu. Hata ya kuiba nimeshindwa."

"Unakiri?"

"Nakiri."

"Klabu yako mwenyewe! Kwa nini?"

"Muulize Kedibone kesho kwao kuna nini."

"Kesho ni mashindano," Kedibone alisema haraka.

"Nimesema kwenu."

Annelize ndiye aliyejibu, uso umemshuka. "Wanafunua jiwe la kaburi la dada yake. Lakini, Kedi, si ulituambia wamesogeza tarehe?"

Kapteni alikuwa mtu wa mila hizo hizo. Alijua hakuna anayekwenda kugombea kombe siku ukoo mzima unafunua jiwe la dada yake. Alimgeukia Kedibone.

"Hukuwa unakwenda Pretoria," alisema. "Atakayelifunua jiwe ni nani?"

"Mumewe!" Kedibone alilipuka. "Alimpiga mpaka akafa. Shahidi akakana maneno yake, kesi ikaishia hapo. Kesho atasimama mbele yetu na suti yake, analia! Mimi nifanyeje, nimpigie vigelegele?"

"Jumatatu aliniuliza," Mma Mohlala alimwambia Kapteni, "kama kwa hatua tatu mtu anahitaji kulenga. Mashindanoni hakuna shabaha ya hatua tatu. Sikulala siku ile."

"Ungekuja kwetu."

"Mngemfunga binti huyu kwa neno tu. Ningemnyima, angetafuta nyingine kwingine. Nikasema, bora iibwe, polisi mjae hapa, mtuhoji mpaka Jumapili. Klabu ife, yeye abaki."

"Ungeniacha!" Kedibone alilia. "Mma, ungeniacha tu!"

Yule mama aliweka sweta chini, akaenda kumshika mabega.

"Kedibone. Kesho, nyuma ya shabaha kuna nini?"

Kedibone aligeuza uso.

"Nijibu kama siku zote."

"Watoto."

"Wa nani?"

"Wa dada." Kedibone aliketi, Annelize akamkumbatia.

Mma Mohlala alimgeukia Kapteni, akanyoosha mikono apigwe pingu. Kapteni akamrudishia sweta.

"Jumatatu utakuja kituoni kuandika maelezo. Sheria haitakuruka, Mma, nisikudanganye. Kesho nitakuwa makaburini, nimesimama karibu nanyi."

Kisha alivuta kiti, akakaa mbele ya Kedibone, akatoa kalamu.

"Haya, mdogo wangu. Yule shahidi aliyekana maneno yake, anaitwa nani?"