Ripoti ya Jani Jeupe

"Alizeti, boti ya Samy inaondoka saa sita. Ikifika Baraka, upande wa Kongo, tumekwisha."

Sauti ya Chef Rachid, mkuu wa Idara ya ujasusi, ilikatika katika kidude cha sikioni. Biasha, aliyeitwa Alizeti kazini, akatazama Casio yake. Saa sita kasoro dakika nane.

Akakimbia.

Alipenya katikati ya madumu ya mawese sokoni Rumonge, akaruka mkokoteni, akamkosakosa mama mwenye beseni la ndagala, dagaa wa ziwani.

"Weye, hauna macho?" mama alimfokea.

Macho alikuwa nayo. Ndiyo hayo yaliyomponza.

Miezi mitatu nyuma, Idara ilinasa shehena ya mimea ya mlimani, jamii ya alizeti, iliyokuwa ikitoroshwa kwa kampuni moja ya ng'ambo. Kampuni ilitaka kuimiliki kabla hata nchi haijaipa jina. Biasha, jasusi pekee aliyesomea mimea, aliambiwa aseme imetoka mlima gani. Akashika lenzi. Majani membamba. Vinyweleo vyeupe. Vijiua vya manjano vimebanana katika kichwa kimoja. Akaandika kwa mkono wake: *Huota kwenye kilele cha Dusabe tu.* Majibu ya vinasaba yalikuwa bado, hakuyasubiri. Akatia sahihi, akaenda zake kula samaki wa mukeke.

Dusabe, mlinzi wa kilele hicho, akafungwa miaka mitano kwa kosa la kutorosha mimea. Dusabe yuleyule aliyembebea mbao zake za kukaushia mimea, zenye lebo za mkono wake, mgongoni, masika sita mfululizo.

Majibu ya vinasaba yalifika jana. Mimea ile ilikuwa ya mlima mwingine, ukoo mwingine kabisa. Baridi ya huko juu ilikuwa imewavisha wasio ndugu koti moja jeupe. Na kwenye mlima huo mwingine, mwenye kibali cha kuukwea alikuwa mtu mmoja: Samy, tajiri wa maboti. Lakini karatasi peke yake isingemtoa Dusabe. Jaji alitaka Samy ashikwe na mimea mkononi.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wa Biasha alikuwa ameshajifunza kutembea, na usiku kucha alimtembelea kichwani.

Gatini, boti ilikuwa ikirudi nyuma taratibu. Mpakiaji mmoja alikuwa anajifuta jasho.

"Samy amebeba nini?" Biasha akamuuliza.

"Samaki, dada. Makasha kumi. Iko na barafu mingi."

"Anapeleka Baraka? Kwani Baraka hawavui?"

Mpakiaji akacheka. "Hata miye nilijiuliza. Ziwa ni hili hili moja."

Biasha hakucheka. Mmea wa mlimani haustahimili joto la pwani hii hata nusu siku. Unahitaji barafu.

Akaruka.

Goti liligonga ubao. Samy akageuka, mkono ukienda kiunoni. Glock ya Biasha ilimtangulia. Risasi moja. Injini ya Yamaha ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza.

"Mikono juu!"

Samy aliinua mikono, akitabasamu. Tabasamu lile halikumpendeza Biasha hata kidogo.

Boti ya polisi wa ziwani ilipofika, brigadia Exaucé alimkuta Biasha ameshafungua kasha la kwanza. Juu, samaki wa mukeke. Chini yake, barafu. Chini ya barafu, magazeti yaliyolowa, na ndani yake mimea yenye majani ya rangi ya fedha, mizima kabisa.

"Chef, soma hii," Samy akamwambia Exaucé, akitoa nakala ya ripoti ya kortini iliyofungwa kwa nailoni. "Hii mimea inaota kwa Dusabe tu. Yeye ndiye aliniachia nitunze. Miye sikujua kitu, na mwenye kosa iko gerezani tayari. Madamu mwenyewe ndiye alisinye, sahihi yake hii!"

Kumbe ripoti yake ndiyo iliyokuwa ngao ya mwizi! Biasha aliona aibu, aibu ya kutaka kujitupa majini.

Exaucé akasoma. "Ni mwandiko wako, madamu?"

"Alizeti," Rachid alinong'ona sikioni, "sema imeghushiwa. Ukikubali, kazi huna."

Lilikuwa neno dogo, na hakuna ambaye angembishia. Biasha akachomoa kile kidude sikioni, akakitupa ziwani.

"Ni mwandiko wangu. Na nilikosea. Nilimfunga mtu asiye na hatia kwa uvivu wangu."

Akatoa kipimo kipya cha Idara, kilicholetwa pamoja na majibu ya vinasaba, chembamba, cha ukubwa wa kiberiti. Akaponda kipande cha jani, akadondosha tone la dawa.

"Mstari mmoja, ni kilele cha Dusabe. Miwili, ni mlima wa Samy. Dakika ishirini."

Walingoja, boti ikiyumba juani. Dakika ya kumi na mbili Samy aliacha kutabasamu. Ya kumi na nane, mstari wa pili ukajichora, mwekundu. Za mwizi arobaini. Yake ilifika saa sita na nusu mchana. Exaucé akamfunga pingu.

Siku ya tisa, lango la gereza lilifunguliwa. Dusabe alitoka na mfuko mmoja, amekonda, shati likimpwaya.

"Amahoro, mzee," Biasha alimsalimu.

"Amahoro, mwanangu."

"Mzee, ile ripoti... ni miye niliandika."

"Nilijua. Walinionyesha kortini. Mwandiko wako nimeubeba mlimani masika sita, nisiutambue?"

"Mbona hukunitumia habari?"

"Ulikuwa unaangalia kila jani mara mbili. Nikasema, ataangalia tena. Nikangoja."

Biasha alinyoosha mkono ampokee mfuko. Mzee akauhamishia mkono wa pili, kwa upole.

"Murakoze, asante ya kuja," akasema, akaenda kutafuta gari la kwenda kwao Gatete.

Biasha akavaa Ray-Ban yake, akashika barabara ya ziwani, hatua za taratibu, mikono mifukoni. Waliomwona walidhani ni mwanamke asiye na shida yoyote duniani. Miwani ile ilikuwa nyeusi kwelikweli. Hakuna aliyeyaona macho.