Koti la Twiga

Jioni hiyo ngazi za kupandia ghorofani, juu ya duka la magodoro, zilikuwa zimejaa watu. Waliomaliza darasa la kwanza la mazoezi ya pilates walikuwa wakishuka na taulo mabegani, wa darasa la pili wakipanda, na pale mlangoni panapovuliwa viatu mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akihangaika na gidamu ya kiatu. Alikuwa fundi cherehani. Alivaa suruali nyeusi ya kuvutika aliyoishona kwa mkono wake na fulana ya rangi ya chungwa. Shingoni ilining'inia futi ya kupimia, kaisahau tangu dukani.

Mguu ukateleza. Akadaka cha karibu, na cha karibu kikawa mkono wa mtu.

"Polepole, dada. Hapa tumekuja kunyooshwa, si kuvunjwa."

Fundi akainua macho, akaendelea kuyainua. Mtu mwenyewe mrefu, meno meupe, kidevu kimenyolewa mpaka kinang'aa. Lakini kichwa kimetangulia mbele, mgongo umepinda kama mundu, na bega la kulia limeshuka kana kwamba limebeba ndoo isiyoonekana.

"Na wewe, kaka, nini kimekukunja hivyo?"

"Kiti. Mimi kinyozi. Kiti cha wateja kimekwama chini, hakipandi. Basi kila anayekaa, namfuata huko huko chini."

"Kumbe twiga anayekunywa maji."

Kinyozi akacheka hadi waliokuwa wakishuka wakageuka kutazama. "Sawa. Na wewe hiyo futi ya nini shingoni? Umekuja kutupima majeneza?"

Fundi akaivua, akaona haya, akaisokomeza mkobani. "Nashona. Daktari kasema nisipofanya mazoezi, nitakuja kushona nimelala."

Ndani chumba kilikuwa kipana, sakafu ya mbao, ukuta mmoja mzima kioo. Mikeka ya mpira ilikuwa imetandikwa kwa safu. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na hakuwa na haja ya kupaza sauti. Aliwalaza chali, akawafundisha kuvuta pumzi ijae ubavuni, kisha kuinua mgongo kutoka sakafuni polepole, pingili kwa pingili, kama mtu anayeokota mkufu bila kuukata.

"Msikimbilie juu," alisema. "Kila pingili ina zamu yake."

Pembeni alilala shangazi yake Fundi, mnene na mwenye maneno, aliyesikia yote ya mlangoni, ambaye darasa lile aliliita kwa Pilato. "Leo nimesulubiwa," alinong'ona. "Na huyo twiga wako mbona anakutazama kwenye kioo?"

"Shangazi, vuta pumzi."

"Navuta. Wewe ndiye umeacha kuvuta."

Mwalimu akawapanga wawili wawili, mmoja ajiinue, mwenziwe amshike vifundo vya miguu. Kinyozi, mwanamume pekee mle ndani, akaangukia kwa Fundi. Akajiinua, akashindwa katikati, akabaki ananing'inia kama nguo kwenye kamba.

"Usinichekee," akasema kwa shida.

"Sicheki. Nakupima."

Na kweli alikuwa akimpima. Fundi mzuri jicho lake ndilo futi yake. Kesho yake asubuhi, kabla hajafungua mlango wa duka, alitoa kabatini kitambaa cha sufu cha kijivu alichokuwa amekitunza akingojea atakayekistahili. Akakata koti. Mgongoni akalirefusha kwa sababu ya ule upinde, mbele akalifupisha, na bega la kulia akaliwekea pedi nene ya sponji ili mtu yeyote asijue kuwa limeshuka. Akawa analishona kwa siri, leo mkono, kesho kola, katikati ya magauni ya wateja.

Shangazi alilifumania. "La nani hili?"

"La mteja."

"Mteja gani huyo asiyekuja kupimwa?" Shangazi akalipapasa lile bega, akatabasamu, akalirudisha.

Mvua zikaja, zikapita. Kila darasa walipangwa pamoja, na hata wasipopangwa walijipanga. Simu nazo hazikukatika.

"Umefanya zoezi la daraja?" Kinyozi aliuliza siku moja, mashine ikinguruma nyuma yake.

"Nimefanya. Wewe una mteja, unanipigia?"

"Mteja amefumba macho. Sikiliza, nimetengeneza kiti. Mwalimu kasema hata aninyooshe namna gani, nikirudi kwenye kiti kile nitapinda tena. Sasa wateja ndio wanapanda kwangu."

"Hongera, Twiga wangu."

"Rudia hilo neno la mwisho."

"Twiga?"

"Hapana, la baada yake."

Fundi akakata simu, akacheka peke yake mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano.

Ikafika siku ya kupanga kwenda kwa wazazi. Na hapo Fundi akamweleza jambo lililokuwa limemkaa kooni. Zamani alikuwa na mchumba, karani mmoja mfupi, mwenye maneno matamu. Siku ya kujitambulisha viti vilipangwa sebuleni, ndugu wakakaa, chakula kikapoa. Karani hakutokea. Baba yake Fundi, mwalimu mkuu mstaafu, alivirudisha viti ukutani mwenyewe, kimoja kimoja, akasema, "Nimeaibika mara moja. Akija mwingine akatufanyia hivi, usiniletee tena mtu humu ndani."

"Mimi nitakuja," Kinyozi alisema. "Hata kwa kutambaa."

Jumamosi baada ya darasa Fundi akampa kifurushi. "Usikifungue mpaka kesho asubuhi. Ukikifungua leo utaniharibia raha."

Jumapili, siku ya kwenda kujitambulisha, Kinyozi akaoga, akajipaka mafuta, akavaa shati jeupe. Akalivaa koti mbele ya kioo, na uso wake ukabadilika. Mbele lilikuwa limepanda juu ya mkanda, mgongoni limejaa upepo, na bega la kulia limefura kama lina nundu. Dada yake, aliyekuwa akipiga pasi suruali, akasimamisha pasi.

"Kaka, koti hili si lako."

"Kanishonea mimi."

"Wewe una nundu? Hili limeshonwa kwa mtu mwingine, mtu wa kupinda pinda, tena mfupi. Yule karani uliyenisimulia, aliyemkimbia, hakuwa mfupi?"

Neno likamwingia kama mwiba wa samaki. Akakaa kitandani na koti mapajani. Kwa hiyo yeye ni wa kumalizia nguo za mtu. Wenye busara husema uliza kwanza, lakini wivu hauna masikio. Akaandika ujumbe: "Koti nimeliona. Mrudishie mwenyewe." Akazima simu.

Kwao Fundi viti vilikuwa vimepangwa. Akapiga simu, akapiga tena, akasoma ule ujumbe asiuelewe, akapiga tena. Gauni lake la samawati lilikuwa na vifungo vidogo mgongoni, na mama yake akaanza kuvifungua. Sebuleni alisikia miguu ya viti ikiburutwa kurudi ukutani, kimoja, kisha kingine. Sauti hiyo aliijua.

Siku mbili hakufungua duka. Siku ya darasa shangazi akaja kumtoa.

"Siendi. Atakuwepo."

"Mgongo ni wako au wake? Vaa suruali twende kwa Pilato."

Alikuwepo. Alisimama karibu na kioo, bado na viatu, mfuko mkononi. Usiku hakuwa akilala, ilionekana machoni. Wanawake kwenye mikeka wakajiinua kutazama.

"Nimekuletea mzigo," alisema bila kumtazama. "Mpelekee mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Huyo mwenye bega la kushuka. Karani wako."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Akaupokea mfuko, akalitoa koti, akalikunjua, akalitazama, kisha akamtazama yeye aliyesimama wima kama nguzo ya taa. Midomo ikaanza kumcheza.

"Karani nilimshonea mashati. Mabega yake yalikuwa sawasawa kama rafu. Mimi simsahau mtu bega. Hebu livae."

"Nimekwisha kulivaa."

"Livae hapa. Kisha simama kama siku ile mlangoni, nilipokudaka mkono."

"Nimesahau nilivyosimama."

"Mimi sijasahau," alisema Mwalimu kutoka nyuma, kwa sauti yake ile ya chini. "Vua viatu kwanza. Kichwa mbele. Mbele zaidi. Legeza tumbo. Bega la kulia liache lianguke. Sasa mteja wako amekaa kwenye kiti kibovu. Mnyoe."

Kinyozi akavua viatu, akalivaa koti, akainama, mkono ukashika mashine isiyokuwepo. Na koti likatulia. Mbele likashuka mahali pake, mgongo ukalala, mabega yakawa mstari mmoja. Likamkaa utadhani amezaliwa nalo.

"Ndiye," alisema shangazi. "Jamani, ndiye huyu huyu."

"Nililikata asubuhi iliyofuata baada ya kukuona," Fundi alisema. "Nikaweka pedi ili mtu asikucheke bega. Nikawa nakuona kila jioni, nisione kwamba unanyooka. Hata mama hamwoni mtoto wake akirefuka. Fundi mzima, nikasahau kumpima mtu mara ya pili."

Kinyozi alijitazama kwenye kioo. Halafu akaanza kujiinua jinsi alivyofundishwa, polepole, pingili kwa pingili. Kila pingili iliyopanda, koti likaharibika kidogo: mbele likapanda, mgongo ukajaa upepo, nundu ikatokea. Alipofika juu kabisa, koti lilikuwa bovu na mtu alikuwa amenyooka. Wanawake wakapiga makofi, na wa darasa lililotangulia wakarudi ngazini kuchungulia.

"Mimi ni mpumbavu," alisema.

"Hilo halihitaji futi. Kosa la koti ni langu. La kuzima simu ni lako, na hilo baba yangu ndiye amelilipia."

"Yupo nyumbani sasa?"

"Yupo. Hataki kukuona."

"Basi asinione, anisikie."

"Utakwenda na koti hilo?"

"Nina jingine?"

Wakapita mitaani jioni ile, yeye na bega lake la nundu, watu wakimgeukia, Fundi pembeni na futi yake shingoni, shangazi nyuma akihema na kusema hajaona harusi ya kwenda mbio namna hii.

Mzee alikuwa na gazeti. Akalishusha mpaka puani.

"Wewe ndiye uliyetuacha na viti?"

"Shikamoo, baba. Ndiye."

"Marahaba. Na leo umekuja na koti la kuazima?"

"Ni langu, baba. Binti yako alinipima nikiwa nimepinda. Mwili ukanyooka, koti likabaki pale pale. Na Jumapili ilikuwa akili yangu iliyobaki imepinda. Nimekuja kuomba radhi kwako, kwa mama, na kwa kila aliyekalia viti vile. Na nikisamehewa, nimekuja kumwomba yeye anioe." Akajishika kinywa. "Nimwoe."

Mama akageukia dirishani mabega yakimtikisika. Mzee hakucheka. Akasimama, akamzunguka kama alivyokuwa akikagua sare za wanafunzi, akabonyeza ile pedi kwa kidole.

"Nene hii," akamwambia binti yake.

"Bega lilikuwa limeshuka sana, baba."

"Na ukalipenda hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Mzee akaenda ukutani, akavuta kiti kimoja, akakiburuta mpaka katikati ya sebule.

"Kaa," akamwambia Kinyozi. "Lakini kaa wima."

Siku iliyofuata, dukani, Kinyozi alitoa wembe mpya mfukoni, akamkabidhi Fundi. Fundi akafumua bega la kulia, uzi kwa uzi, akaitoa ile pedi, akaiweka kwenye droo anapoweka vitu asivyotaka kupoteza. Kisha akaivua futi shingoni mwake.

"Simama wima, Twiga."

"Nimesimama."

"Naona. Ndiyo maana leo nakupima vizuri."