Mgeni wa Mkuu wa Hospitali

Asubuhi ile chumba cha mafaili kilinuka nywele zilizoungua. Kiwewe alisimama mlangoni, akanusa, kisha akagusa soketi zote nane kwa kiganja. Hakuna iliyokuwa na joto.

Jina hilo alipewa na wenzake hospitalini. Binti msomi anayerudi mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa angeitwa nini kingine? Kazi yake ilikuwa kutunza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Kila jioni alizinakili zote kwenye diski ndogo, akaichomoa, akaifunga kitambaani na kuondoka nayo.

"Unaibeba kama yai!" Mkuu wa hospitali alimcheka. "Diski yangu kubwa imechomekwa humo humo, inanakili yenyewe. Hofu zako hizi zitaolewa na nani?"

"Kinacholala ndani huungua na nyumba, Mkuu."

Mkuu akaenda zake akipiga mluzi. Alikuwa mtu wa namna hiyo: neno lake la siri, lililofungua kila kitu, lilikuwa jina lake mwenyewe, na bado alilibandika ukutani asije akalisahau.

Saa nne, sauti ya kucha zikikwaruza bati ilitoka ofisini kwake. Ikapita ukutani, ikaingia kompyuta ya mapokezi, ikahamia ya maabara, ikafika kwa Kiwewe. Kwenye kioo, majina ya wagonjwa yakaanza kuzimika, moja baada ya jingine.

Daktari wa upasuaji akachungulia. "Binti, shangazi yako bado hajazinduka tangu alipoanguka. Nusu saa ijayo nampasua. Ile dawa ya usingizi iliyotaka kumuua miaka ile, inaitwaje?"

Kiwewe akageukia kioo. Shangazi ndiye aliyemlea. Shangazi alipewa dawa hiyo Kiwewe akiwa chuoni; binti alijua ipo, jina hakulijua. Soketi alizihesabu, dawa hakuikariri. Jina lilikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa limezimika.

Hapo printa ikaanza kutema karatasi bila kuamriwa: *Sikuvunja. Nilifunguliwa na mwenye nyumba. Chomekeni kilicho ndani ya kitambaa, nami nitawarudishia mgonjwa mmoja: shangazi.*

Mkuu aliingia akihema, tai begani.

"Umefungua nini, Mkuu?" Kiwewe alinong'ona.

"Barua tu! Ya Tuzo ya Kiongozi Bora. Ikaniomba neno la siri, nikaipa. Wewe ungekataa tuzo?"

"Na diski yako kubwa?"

"Imeliwa," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akamfokea: "Chomeka hiyo yako! Si ameahidi?"

Harufu ilizidi, kucha zikakwaruza ndani ya kila mashine kwa pamoja, na Kiwewe, akijua vizuri kwamba nakala safi ikiingia kwenye mashine chafu inaliwa nayo, aliuona mkono wake mwenyewe ukishuka mkobani, ukifungua kitambaa, ukiielekeza diski kwenye tundu, huku spika za kompyuta zikilia kwa sauti ya shangazi, ile ile, yenye mkwaruzo wa kifua: "Mwanangu, chomeka, nasikia baridi, mwanangu..."

Mkono ukasita.

Shangazi hajawahi kumwita mwanangu. Jina lake halisi Kiwewe alilirithi kwa bibi yake, mama wa shangazi, na shangazi, tangu amshike mchanga, humwita mama. Jini aliyeingia kwenye mashine alikuwa amesoma faili tu, nalo lilimtaja Kiwewe kama mtoto.

"Mwongo," Kiwewe akasema, akatoka mbio.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha fundi wa kompyuta, mzee ambaye Mkuu alimfukuza kazi mwezi uliopita kwa kosa la "kutisha wafanyakazi". Alipoiona diski mkononi mwake, aliinama. Alitoa kompyuta kuukuu chini ya meza.

"Hii haijawahi kuonana na mtandao. Chomeka, binti yangu."

Faili likafunguka. Kiwewe alimsomea daktari jina la dawa kwenye simu, herufi kwa herufi, mara tatu.

"Ndiyo niliyokuwa nimeishika," daktari akasema taratibu. Kiwewe akasikia kichupa kikiwekwa chini.

Jioni shangazi alifumbua macho. "Mama, umekula?"

Fundi alifanya kazi siku mbili. Alikata nyaya, akafuta kila mashine mpaka ikabaki tupu kama siku iliyotoka kiwandani, ndipo akarudisha taarifa kutoka kwenye diski ya kitambaani. Harufu ikaisha. Mkuu aliitisha mkutano akajipongeza kwa utulivu wake, akatangaza neno jipya la siri: jina lake, na namba moja mwishoni. Kisha akamwagiza Kiwewe aandike ripoti.

Kiwewe aliandika kurasa kumi na moja. Hakuacha kitu: saa, soketi, harufu, hata jinsi alivyoitambua sauti ya uongo. Akaihifadhi kwenye kompyuta, kama inavyotakiwa.

Wiki ya tatu, jioni, alikuwa akifunga diski kitambaani aliposikia Mkuu akicheka ofisini kwake. "Kumbe tuzo yenyewe ilichelewa tu!"

Nywele zilizoungua. Kucha, polepole, ukutani.

Kiwewe aliibana diski kifuani, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Spika zikakohoa kidogo, kwa mkwaruzo ule wa kifua, zikauliza kwa upole:

"Mama, umekula?"